Kilo ya Betri Si Kilo ya Risasi: Bei ya Risasi Chakavu Inavyopangwa na Ipi Inafaa Kusubu

Peleka betri moja iliyokufa kwenye yadi tatu za vyuma chakavu, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Changamwe kule Mombasa, na huenda ukatajiwa bei tatu. Wa kwanza ataipima ikiwa na maji yake. Wa pili atataka umwage maji kwanza. Wa tatu hataigusa mizani. Ataitazama ukubwa wake na kutaja bei ya betri nzima. Muuzaji huondoka akiamini wawili kati yao wamempunja. Mvuvi anayetafuta risasi ya kusubu chubwi, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu iwe vizito vya mshipi, naye ana mkanganyiko wake: anaambiwa betri ndiyo njia rahisi, anainunua, anaiweka motoni, na nusu ya alichokilipia inabaki kuwa majivu. Chanzo cha yote haya ni kimoja. Risasi iliyomo ndani ya betri haiko katika hali moja, na bei hufuata hali hiyo, haifuati uzito peke yake.

Ndani ya betri mna nini

Risasi tunayoizungumzia ni metali: nzito, ya kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Kipande chenye sentimita moja kila upande kina uzito wa gramu 11.3, wakati chuma cha ukubwa huohuo kina gramu 7.9. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za sentigredi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Ndiyo maana watu wengi hudhani kupata risasi kutoka kwenye betri ni suala la moto na sufuria tu.

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita, na kila chumba kina plati zilizopangwa bega kwa bega ndani ya maji ya asidi. Plati moja ina sehemu mbili. Kuna wavu wa risasi halisi, uliochanganywa na antimoni au kalsiamu kidogo ili usipinde, halafu kuna tope lililoshindiliwa kwenye matundu ya wavu huo. Betri ikiwa na chaji, tope la plati chanya ni oksidi ya risasi ya rangi ya kahawia, na la plati hasi ni risasi yenye vitundu vidogovidogo. Betri inapoishiwa chaji, yote mawili hugeuka salfeti ya risasi. Ule unga mweupe unaoonekana kwenye plati za betri iliyokufa ndio huo.

Hapa uvumi wa kwanza unakufa: kwamba betri iliyochoka imeishiwa risasi, kwa hiyo betri nusu nzima ina thamani zaidi kwa mnunuzi wa chakavu. Risasi haikwenda popote. Imebadilika tu kutoka hali moja kwenda nyingine, na bado imo ndani ya kasha.

Tuchukue betri ya kilo 15. Kwa makadirio ya karibu, kilo 4 ni metali halisi: nyavu, viunganishi na vile vichwa viwili vya juu. Kilo 6 ni tope. Kilo 4 ni maji ya asidi, na kilo 1 iliyobaki ni plastiki ya kasha na vitenganishi. Tope nalo si risasi tupu, kwa kuwa lina salfa na oksijeni ndani yake. Risasi ni kama asilimia 72 ya uzito wake. Kwa hiyo kilo 6 za tope zinabeba risasi kilo 4.3 hivi. Jumlisha na zile 4 za metali, unapata kilo 8.3. Kununua betri kwa kilo ni kama kununua nazi kwa kilo: unapima kifuu, maji na nyama, ilhali unachokihitaji ni tui, na tui halitoki mpaka ukune na ukamue.

Kukamua huko ndiko kunakotenganisha kiwanda na jiko la uani. Salfeti ya risasi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,000, na hata ikiyeyuka bado haijawa metali. Lazima salfa na oksijeni ziondolewe. Kiwandani tope huchanganywa na makaa ya mawe, vipande vya chuma na magadi, likapikwa ndani ya tanuri lililofungwa linalozunguka polepole. Salfa hunaswa na chuma na magadi, oksijeni huondoka na kaboni, na risasi hutuama chini. Moshi hupitishwa kwenye vichujio vikubwa vya kitambaa vinavyonasa vumbi. Kwenye jiko la mkaa hakuna lolote kati ya hayo. Zile kilo 4 za metali zitayeyuka, na tope karibu lote litabaki juu kama majivu ya kijivu yanayokokwa na kumwagwa nyuma ya nyumba. Mtu huyo ametupa takribani nusu ya risasi aliyoilipia, na ameitupa katika umbo baya kuliko yote: unga unaopeperuka na kukaa kwenye mchanga wanapochezea watoto.

Bei inaanzia wapi

Bei ya rejea duniani hupangwa kwenye Soko la Metali la London, ambako risasi huuzwa kwa mafungu ya tani 25 na usafi wa angalau asilimia 99.97. Kwa miaka ya karibuni tani moja imekuwa ikizunguka dola 2,000, ikipanda na kushuka kidogo. Oktoba 2007 ilikaribia dola 4,000. Kwa hesabu rahisi tuseme dola 2 kwa kilo, na dola moja tuichukulie kuwa shilingi 129 za Kenya. Kilo ya risasi safi ghalani basi ni shilingi 258.

Rudi kwenye betri yetu. Kilo 8.3 mara 258 ni kama shilingi 2,140. Gawanya kwa kilo 15 za betri nzima: shilingi 143 kwa kilo. Hiyo ndiyo dari. Hakuna mnunuzi halali anayeweza kuifikia, maana bado kuna lori la kusafirisha, mafuta ya tanuri, magadi, kazi ya kuzimua asidi, vichujio, usafishaji wa mwisho, na kama risasi inauzwa nje, kontena na meli. Kabla ya kufika huko betri imepita mikono mitatu au minne: mwenye mkokoteni, yadi ndogo, yadi kubwa, ndipo kiwanda, na kila mkono unakata chake. Ndiyo maana bei ya mtaani huwa sehemu tu ya dari hiyo, na ndiyo maana haipandi siku ileile London inapopanda. Ukiona mtu anatangaza bei inayokaribia dari, jiulize ni gharama ipi ameamua kutoilipa. Kwa kawaida ni ile ya asidi na vichujio, na watakaoilipa ni majirani wa eneo lake la kazi.

Sasa tazama kinachotokea maji ya betri yakimwagwa. Kilo 15 zinakuwa 11, lakini risasi ni ileile kilo 8.3. Dari kwa kilo inapanda kutoka 143 hadi 195. Mnunuzi anaweza kutangaza bei ya juu zaidi kwa kilo ya betri kavu bila kuongeza hata senti kwa betri yenyewe, na muuzaji akaamini amepata nafuu. Tuseme yadi moja inalipa shilingi 90 kwa kilo ya betri yenye maji, na nyingine 110 kwa kilo ya betri iliyomwagwa. Ya kwanza inakupa 90 mara 15, yaani 1,350. Ya pili 110 mara 11, yaani 1,210. Yenye bei ya kuvutia ndiyo inayolipa kidogo. Linganisha daima bei ya betri nzima, usilinganishe bei ya kilo.

Zile kilo 4 za maji hazikupotea pia. Ndani yake mna asidi ya salfa. Betri ikiwa na chaji kamili, zaidi ya theluthi ya uzito wa maji hayo ni asidi tupu. Mna pia chembe za risasi zilizodondoka kutoka kwenye plati. Mtaro unaopokea maji ya betri kila siku unageuka ghala la risasi. Betri inapaswa kuuzwa ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vimefungwa, na isafirishwe hivyohivyo. Yadi inayodai umwage kwanza inakuachia wewe uchafu wake.

Upande wa pili nao una hila zake. Wapo wanaojaza maji ya bomba kabla ya kwenda kwenye mizani, na wapo wanaotia mchanga. Mnunuzi mzoefu huitikisa betri na kuisikiliza, hutazama kama vifuniko vimechokonolewa, na hulinganisha uzito na aina, kwa sababu betri za ukubwa mmoja zenye jina moja hazipishani sana. Muuzaji naye anayo njia ya kukagua mizani isiyohitaji fundi: dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, ongeza uzito wa dumu lenyewe, ambao huwa kama kilo moja. Mizani ikisoma 18, unajua la kufanya.

Kuna hatari mpya ambayo yadi nyingi bado hazijaizoea. Betri za lithiamu za sola na za pikipiki za umeme sasa huja katika kasha linalofanana kabisa na la betri ya risasi, lenye vichwa viwili vilevile. Ndani hamna risasi hata gramu. Ikichanganywa na nyingine ikafika kwenye mashine ya kusaga au tanuri, hulipuka na kuwasha moto usiozimika kwa urahisi. Inyanyue: ya lithiamu huwa nyepesi sana kwa ukubwa wake. Kisha soma kibandiko. Ya risasi huandikwa Pb, ya lithiamu huandikwa Li-ion au LiFePO4.

Kwenye hati za wasafirishaji nje utakutana na majina yasiyoeleweka kwa mgeni: Racks ni risasi laini, Rains ni betri nzima zilizokauka, Rakes ni vichwa vya betri, Ropes ni vizito vya risasi, Rents ni makapi ya kuyeyushia. Ni lugha ya biashara ya chakavu iliyotoka Marekani, na kila jina lina bei yake. Anayechanganya vichwa safi vya betri na makapi hulipwa bei ya makapi kwa mzigo wote.

Je, ni bunduki zinazopandisha bei?

Hili husemwa kila kunapozuka vita mahali: risasi itapanda kwa sababu majeshi yanaihitaji. Zaidi ya asilimia 85 ya risasi yote inayotumika duniani huingia kwenye betri. Risasi za bunduki ni sehemu ndogo mno. Kinachoisukuma bei ni mauzo ya magari, baridi kali inayoua betri kaskazini mwa dunia, na kiasi kilichoko kwenye maghala ya soko.

Uvumi huu una mizizi Marekani, ambako kuna maelfu ya watu wanaosubu risasi zao za bunduki nyumbani kama kazi ya mapenzi. Mwishoni mwa 2013 kiyeyushio cha Herculaneum katika jimbo la Missouri kilifungwa. Kilikuwa cha mwisho nchini humo kuyeyusha risasi inayotoka moja kwa moja mgodini, na ikavumishwa kwamba serikali imepiga marufuku risasi za bunduki kwa mlango wa nyuma. Viwanda vya kurejeleza betri viliendelea kutoa risasi kama kawaida, na watengenezaji wa risasi za bunduki waliendelea kununua.

Wasubuji hao ndio wanaoweka mtandaoni bei nyingi ambazo msomaji wa hapa hukutana nazo akitafuta bei ya risasi chakavu. Zinapotosha kwa sababu mbili. Kwanza ni kwa ratili, na ratili moja ni gramu 454 tu. Pili ni bei ya rejareja ya metali iliyokwisha kusafishwa, kupimwa ugumu na kutiwa kwenye kalibu za kilo moja moja, ikafikishwa mlangoni kwa posta. Yadi ya Mombasa haiwezi kukulipa hivyo kwa betri yenye matope. Na isisahaulike kwamba nchini Kenya na Tanzania kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai. Chubwi hazina shida hiyo.

Risasi ya kusubu inapatikana wapi

Anayetaka kusubu chubwi za mshipi au vizito vya jarife anahitaji risasi ambayo tayari ni metali. Bora kuliko zote ni chubwi za zamani na vizito vya nyavu zilizochoka. Baada ya hapo huja mabomba ya zamani ya risasi na mabati yake yaliyozuia maji kwenye viungo vya mapaa, ambayo ni laini na karibu safi.

Ganda la risasi la nyaya za zamani za simu na umeme ni zuri pia, lakini hapa pana mtego. Nyaya hizo nyingi zimeibwa. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na Kenya kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na haikufunguliwa tena mpaka Mei mwaka huo kwa masharti makali zaidi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za alionunua kwao. Asiyeweza kueleza waya umetoka wapi, usimchukulie mzigo.

Chanzo ambacho wengi hukipuuza ni gereji za matairi: vile vizito vidogo vya wili balansi vinavyogongwa pembeni mwa ringi au kubandikwa ndani. Vya kubandika, vikiwa vya risasi, huwa karibu safi. Vya kugonga vina antimoni kidogo inayovifanya vigumu, jambo lisilo na madhara kwa chubwi. Tatizo ni kwamba si vyote ni risasi siku hizi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizito vya risasi kwenye magari mapya kuanzia Julai 2005, na watengenezaji wa kwingine wengi wakafuata, kwa hiyo magari yaliyotumika yanayoingia bandarini yana vingi vya chuma na vya zinki. Ndoo moja ya gereji leo ni mchanganyiko.

Kuchambua huchukua muda, lakini ndiyo kazi yenyewe. Pitisha sumaku kwanza. Kinachonata chote ni chuma, ila angalia usitupe cha risasi kilichonaswa kwa kile kibanio chake cha chuma. Kisha soma chapa: Fe ni chuma, Zn ni zinki, Pb ni risasi. Kisicho na chapa kibane kwa koleo la kukatia. Risasi hukubali meno ya koleo kama sabuni ya kufulia, zinki hugoma. Kiangushe kwenye sakafu ya saruji: risasi hutoa mlio wa kufa, zinki hulia kama sarafu.

Zinki ndiyo adui wa msubuji. Huyeyuka kwenye nyuzi 420, karibu 90 zaidi ya risasi, na tofauti hiyo ndiyo kinga yako. Ukiweka sufuria kati ya nyuzi 350 na 380, kipande cha zinki kilichopita machoni pako kitaelea juu kikiwa kigumu, na utakiokota na upawa. Ukiacha moto upande mpaka kikayeyuka, hutakitoa tena kirahisi. Metali inakuwa nzito kumimina, uso wake unatoa ngozi inayojikunja kila unapoikwangua, na chubwi zinatoka na makunyanzi au pembe zisizojaa. Kipande kimoja kidogo hakiharibu kilo 10. Vikiwa vingi, sufuria nzima imeharibika.

Herufi za chapa kutoka mitambo ya kale ya uchapaji nazo huonekana sokoni. Zile za mashine ya Linotype zina risasi asilimia 84, antimoni 12 na stani 4. Ni ngumu na hujaza kalibu vizuri ajabu, lakini kuzisubu chubwi ni kupoteza mali. Wapo wanaozilipia zaidi kwa ajili ya stani iliyomo.

Kimoja usikiguse kamwe: chombo kizito cha risasi chenye tundu katikati, au chochote chenye alama ya mabawa matatu yanayozunguka nukta. Hivyo ni vifuniko vya vyanzo vya mnururisho vya hospitali na viwanda. Istanbul, Desemba 1998, vyombo vya namna hiyo vyenye kobalti viliuzwa kama vyuma chakavu, vikafunguliwa, na watu 10 wakaugua ugonjwa mkali wa mionzi. Ukikutana nacho, sogea mbali na uarifu mamlaka. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki.

Plati za betri, kwa sababu zilizotajwa, zisiingie kwenye sufuria ya uvuvi. Kuna sababu nyingine isiyojulikana sana. Nyavu za betri zina aseniki na antimoni, na za kisasa zisizoongezwa maji zina kalsiamu. Makapi ya mchanganyiko huo yakilowa, hata kwa unyevu wa hewa, huweza kutoa gesi za aseniki na antimoni zinazoua.

Motoni

Maji ndiyo hatari ya papo kwa papo. Tone likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke wenye ujazo mara 1,700 ya tone lenyewe, na risasi yote iliyo juu yake hurushwa hewani. Kwa hiyo metali yote huwekwa sufuriani ikiwa baridi na moto huanza taratibu, ili unyevu ukauke kabla chochote hakijayeyuka. Ukitaka kuongeza kipande, kipashe kwanza pembeni mwa jiko mpaka kisishikike kwa mkono. Kalibu, upawa na kijiti cha kukorogea vipashwe pia. Wanaosubu kwenye mchanga wa pwani moja kwa moja wanacheza na kifo, maana mchanga huo haukauki kabisa. Bora kalibu ya chuma.

Sufuria iwe ya chuma, na isirudi tena kwenye chakula. Ya alumini hulegea kwa joto na kitako chake huweza kuachia ghafla kikiwa na kilo 10 za metali. Risasi ikishayeyuka, tia kipande cha nta chenye ukubwa wa haragwe au konzi ya pumba kavu za mbao, koroga ukikwangua chini na pembeni. Kaboni hiyo hurudisha sehemu ya oksidi kuwa metali. Nta huwaka, hivyo uso ukae mbali. Kinachobaki juu kikiwa unga mkavu kichote taratibu, bila kukipulizia, ukitie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko.

Kwa mavuno: kilo 10 za vizito vya wili balansi vilivyokwisha kuchambuliwa hazitakupa zaidi ya kilo 8 na nusu, kwa sababu ya vibanio na uchafu. Chubwi ya gramu 100 inahitaji tundu la kalibu lenye sentimita za ujazo 9 hivi. Mfanyie hesabu hiyo ya mavuno anayekuuzia vizito kabla hujalipa.

Maziwa hayasafishi

Imani iliyoenea kuliko zote katika yadi na karakana zetu ni kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi huosha sumu. Haioshi. Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hupunguza kiasi ambacho utumbo hufyonza, lakini risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu huhamia mifupani na kukaa humo kwa miongo. Imani ya pili ni kwamba hatari ni moshi, kwa hiyo ukisimama upande upepo unakotokea umesalimika. Kwenye nyuzi 350 hadi 400 mvuke wa risasi ni kidogo. Kinachoingiza sumu ni vumbi la makapi linaloshika mikononi, likafika kwenye sigara, kwenye chapati, na kwenye nguo unayorudi nayo nyumbani. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu.

Bei na vifo vinaweza kwenda pamoja. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, wakazi walikuwa wakichimba na kuchekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi iliyomo, katika kipindi kilekile bei ya London ilipopanda kuliko wakati wowote. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Kwetu, jina ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiyeyushio cha betri kilianza kazi katikati ya makazi mwaka 2007 na kikafungwa 2014, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mwanawe alikutwa na sumu ya risasi. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kiyeyushio hicho hakikuwa jiko la uani. Kilikuwa kiwanda chenye vibali, na serikali ilihukumiwa kwa kuwa ilivitoa na kutosimamia. Kwa hiyo kibali ni mwanzo tu: mwenye betri ana haki ya kuuliza asidi inakwenda wapi na vichujio viko wapi, na mamlaka za mazingira, NEMA kwa Kenya au NEMC kwa Tanzania, ndiko malalamiko yanakopelekwa.

Anayefanya kazi na risasi, au anayeishi jirani nayo, apime damu. Dalili za tumbo, usingizi wa mang'amung'amu na mtoto kuchelewa darasani zinafanana na za magonjwa mengine mengi, na kwa macho tu hazitambuliki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto mwenye 45 au zaidi, dawa za kuifunga risasi na kuitoa mwilini huhitajika, na hutolewa hospitalini. Akirudishwa kwenye mchanga uleule baada ya matibabu, namba itapanda tena.